Bahasha Tupu za Meli ya Unyenyekevu

Nchi yetu ina jina zuri sana, lakini kulitaja kunahitaji kibali, na kibali kina wenyewe. Kwa hiyo naomba niiite Nchi Yetu tu, bure, bila risiti. Ni nchi ya amani, yenye mawaziri wengi kuliko wizara, na yenye adabu ya pekee katika jambo moja: bahasha.

Kwetu bahasha haifunguliwi mbele ya aliyeileta. Mtoaji hunyoosha mkono huku akitazama pembeni, mpokeaji huitia mfukoni huku akizungumzia mvua, kisha husema, "Suala lako linashughulikiwa." Baadaye hujifungia mahali pa faragha, mara nyingi chooni, ndipo hufungua. Anayefungua bahasha mbele za watu tunamwona hana malezi, kama mtu anayejamba msibani. Adabu hii watoto wetu huijua kabla hawajajua kusalimia.

Mimi ni Afisa Makofi Mkuu katika Wizara ya Shukrani na Mapokezi. Kazi yangu ni kuanza kupiga makofi pale mheshimiwa anaposema jambo la maana, na kupiga kwa nguvu zaidi pale asiposema. Watu hudhani ni kazi rahisi. Wajaribu wao kushangilia bajeti ya maji katika wilaya isiyo na maji, halafu waje tuzungumze.

*

Mwaka huo hazina ilikauka. Walimu walikaa bila mishahara, na hospitali zikawaomba wagonjwa waje na nyuzi zao za kushonea vidonda. Waheshimiwa waliumia sana. Wakakutana, wakashika tama, wakakubaliana kwamba dawa ni semina elekezi ya Kubana Matumizi. Ikabaki kuamua mahali. Hoteli za mjini zilionekana hazina utulivu wa kutosha wa kufikiria umaskini, hivyo ikakodiwa meli ya kitalii iitwayo Unyenyekevu, yenye mabwawa ya kuogelea, ukumbi wa dansi na migahawa ambayo chakula chake hakiishi hata ukikiombea kiishe.

Mpango ulikuwa meli isogee hadi nje kidogo ya mpaka wa maji yetu, ili waheshimiwa wastahili posho ya safari ya nje, kisha izunguke papo hapo mpaka semina iishe. Nahodha alikuwa mgeni, mzee mmoja mpole aliyejifunza Kiswahili bandarini. Aliuliza tunaelekea bandari gani. Akajibiwa kwamba tunaelekea posho.

Kila mjumbe aliruhusiwa kuja na mshauri mtaalamu. Waziri wangu, Mheshimiwa Daktari Maganga Kapungu, ambaye udaktari wake ulimfikia kwa posta, alimleta mama yake mzazi, Bi. Kalunde, akamsajili kuwa Mshauri wa Masuala ya Bahari. Bi. Kalunde alikuwa hajawahi kuiona bahari. Alipoiona mara ya kwanza alisimama ngazini, akajishika kiuno.

"Maji yote haya," akasema, "na kwetu bomba linakohoa tu!"

Huo ndio ushauri pekee uliotolewa na mtaalamu yeyote safari nzima. Posho yake ilipokelewa na mwanawe kwa niaba yake, kwa sababu za kiusalama.

*

Wakati wa chakula cha jioni ya kwanza, Nahodha alisimama kutukaribisha. Alieleza mahali pa kukimbilia meli ikizama, na waheshimiwa wakaendelea kula, maana kwa uzoefu wao vinavyozama huzama na watu wengine. Kisha akasema, "Na jioni ya mwisho, kila mgeni atakuta bahasha juu ya mto wake."

Ukumbi ukalipuka. Nilipiga makofi siku hiyo kama sijawahi kupiga. Waheshimiwa walisimama, Waziri wa Fedha akapanda juu ya kiti, na mmoja akaanzisha wimbo wa chama. Nahodha alikuwa na sentensi nyingine baada ya ile, midomo yake ilikuwa inachezacheza kabisa, lakini hakuna aliyeisikia. Akatabasamu, akainama, akaketi. Niliona fahari kubwa.

*

Mhudumu wa vyumba vya wizara yetu aliitwa Mwatumu. Alikuwa mwepesi wa miguu na mzito wa maneno, na alikuwa na kawaida ya meli hizo, ya kukunja mataulo yawe wanyama na kuyaacha kitandani ili mgeni akirudi afurahi. Siku ya kwanza alimkunjia Mheshimiwa Kapungu sungura. Bahati mbaya sungura ndiye nembo ya chama cha upinzani. Taulo lile lilikamatwa, likahojiwa na maafisa usalama watatu, na lilipokunjuliwa likakutwa halina kitu ndani. Tangu hapo Mwatumu aliagizwa kukunja simba tu, wakiwa wamesimama.

Wenye meli ile hawakuwalipa wahudumu mshahara wa kueleweka. Waliwapa sare, chakula na kitanda, na kilichobaki waliwaachia abiria: mgeni aliyehudumiwa vizuri hutoa bakshishi mwishoni mwa safari, na hiyo ndiyo mhudumu anayoishi nayo. Kwa mtu mwingine utaratibu huu ungeonekana ni ujanja wa tajiri kulipisha wageni mishahara ya watu wake. Mimi siku hizo nilikuwa siujui, na ningeujua ningeupigia makofi.

Aliyeufahamu mapema ni Bi. Kalunde, kwa sababu bahari ilimkataa. Alitapika tangu nanga ilipopandishwa. Mheshimiwa alifika mlangoni kwa mama yake, akaziba pua, akasema, "Mama, jikaze. Unawakilisha wizara," akaenda zake kwenye mada ya Kujinyima. Mwatumu ndiye aliyebaki. Alimshikia beseni, akamsugua mgongo, akamchemshia maji ya tangawizi, akamlisha uji kijiko kwa kijiko, na alipomaliza vyumba vyake vingine alirudi kukaa naye badala ya kwenda kulala.

"Una mtoto, mwanangu?" Bi. Kalunde alimuuliza siku moja. Nilikuwa mlangoni, nimetumwa kuuliza kama Mshauri yuko hai.

"Ninaye, bibi. Binti. Yuko kwa mdogo wangu, huko bara."

"Mkubwa?"

"Ameanza kusema. Juzi nimepiga simu, ananiita mamdogo." Mwatumu akacheka, lakini macho hayakucheka. "Mama anamwita mdogo wangu."

"Si uende basi!"

"Nauli, bibi. Nikipata bakshishi ya safari hii nashuka, sirudi tena majini."

Bi. Kalunde akamshika mkono. Mimi nikaondoka kwa ncha za vidole kwenda kuripoti kwamba Mshauri anapumua.

*

Jioni ya mwisho ilikuwa ya kufunga semina. Mheshimiwa Kapungu alihutubia juu ya moyo wa kutoa, huku kamba wa kuchoma wakipozwa mbele yake. "Ndugu wajumbe," alinguruma, "taifa ambalo kila mtu ananyoosha mkono kupokea ni taifa la ombaomba! Sisi tunanyoosha mkono kuelekeza!" Nikashangilia. Lakini niligundua kwamba ukumbi ulikuwa umepungua. Mmoja alikuwa amekumbuka dawa yake chumbani. Mwingine alikwenda kusali, naye ni mtu asiyejulikana dini yake. Waziri wa Fedha alisema tumbo linamsumbua, akaondoka akikimbia kama mtu mwenye tumbo zuri kabisa. Hatimaye hata mhutubiaji alifupisha kilele cha hotuba, akafuata.

Kwenye korido milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine, na makomeo yakalia. Kukawa kimya cha heshima, kimya cha watu wanaofungua bahasha.

Halafu Waziri wa Fedha akapiga yowe. "Nimeibiwa!"

Milango yote ikafunguka kwa pamoja. Waheshimiwa walitoka, wengine na taulo kiunoni, kila mmoja na bahasha yake nyeupe mkononi. Walizigeuza juu chini. Walizitikisa. Waziri wa Fedha aliingiza jicho moja ndani, kisha pua, akatangaza kwamba harufu ya pesa bado ipo, kwa hiyo mwizi hajafika mbali.

"Yangu pia hewa!"

"Waziri mzima nipewe hewa?"

"Na wameacha bahasha, hawa washenzi! Wametoa ndani wakaacha ganda!"

Mheshimiwa Kapungu alisimama ameikumbatia bahasha yake kifuani kwa mikono miwili. Nimemfanyia kazi muda mrefu, nimemwona akizika ndugu na akipoteza jimbo, lakini uchungu ule sijawahi kuuona kwake. Nilimwonea huruma sana, kama ambavyo kanuni za utumishi zinanitaka.

*

Asubuhi, meli ikirudi bandarini, iliundwa Tume ya Kuchunguza Utupu wa Bahasha. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Kapungu. Mpelelezi alikuwa Bwana Sengasu, Mkurugenzi wa Taasisi ya Kutokomeza Rushwa, ambaye tangu ateuliwe hajawahi kumkamata mtu, na si kwa uzembe. Kila anayemtafuta humkuta ameketi naye meza moja, na kumkamata mtu mnayekula naye si uungwana. Wajumbe wa Tume walilipwa posho ya kikao kwanza, katika bahasha. Wakatoka chooni wakiwa na imani na serikali, kazi ikaanza.

Nahodha aliitwa.

"Waheshimiwa," alisema, kofia mkononi, "bahasha hizo huwekwa tupu. Ninyi ndio mnaotia."

Tume ikatazamana.

"Kutia nini?" akauliza Mwenyekiti.

"Pesa, mheshimiwa."

"Za nani?"

"Zako."

"Ziende wapi?"

"Kwa aliyekutandikia kitanda."

Mjumbe mmoja akaguna, mwingine akaangua kicheko, na muda si mrefu Tume nzima ilikuwa inajifuta machozi. Mheshimiwa Kapungu alicheka mpaka akaomba maji. Alipopata pumzi akamwambia Nahodha, kwa upole wa mtu anayemfundisha mgeni kula ugali kwa mkono, "Mzee wangu, umeingia nchi ya watu, ungeuliza. Hapa mwenye shida ndiye anayetoa bahasha. Mimi nina shida gani kwa mtandika kitanda?"

"Lakini yeye ana shida, mheshimiwa."

"Haswa! Sasa bahasha yangu iko wapi?"

Nikapiga makofi, maana hoja ilikuwa imefungika pande zote.

Wakati huo Bwana Sengasu alikuwa anapekua vyumba vya wahudumu. Alirudi anahema kwa furaha, nyuma yake Mwatumu ameshikwa mikono na maafisa usalama wawili, na mkononi mwake Mkurugenzi kulikuwa na bahasha nene. Nene hasa. Ukumbi ulivuta pumzi kwa pamoja.

"Nimeikuta chini ya godoro la huyu," alisema. "Moja tu iliyojaa katika meli nzima. Waheshimiwa, nadhani mnaona kwamba zenu zote zimemiminwa humu."

"Nimepewa," alisema Mwatumu. "Nimepewa na bibi."

Mlango ukafunguka, na Bi. Kalunde akaingia bila kuitwa, kanga begani, bado ana rangi ya majivu. "Ni mimi," akasema. "Nilimuuliza hii bahasha ya nini, akaona haya kunijibu. Nikamlazimisha. Akaniambia, bibi, ukipenda unatia kitu, usipopenda basi. Nikaenda kwenye koti la Maganga nikachukua posho yangu ya bahari, yote, nikatia. Mtoto kanishikia beseni safari nzima. Wewe Maganga uliziba pua!"

Mheshimiwa alikohoa. "Ushahidi wa Mshauri Mtaalamu ni siri ya serikali," akasema. "Mama, tafadhali kaa. Mama, usinitazame hivyo."

Lakini uso wa Bwana Sengasu ulikuwa umewaka. Alizunguka meza, akaishika ile bahasha kwa ncha za vidole viwili. "Ngoja," akasema. "Ngoja kwanza. Mama, unakiri kwamba wewe, ndugu wa kiongozi wa umma, ulimpa pesa mtu huyu?"

"Nakiri nini? Nimempa."

"Kwa sababu alikutendea jambo?"

"Kwa sababu alinitendea wema."

"Na wewe binti, ulipokea?"

"Nilipokea," alisema Mwatumu. "Na nikasema ahsante."

"Mbele ya macho yake! Bila hata kuzungumzia mvua!" Mkurugenzi alikaribia kulia. "Waheshimiwa, huu si wizi. Hii ni rushwa. Pesa imetoka mkono huu ikaenda mkono ule, kwa malipo ya huduma, na pande zote mbili zinakiri. Miaka yote natafuta rushwa katika nchi hii!"

Wajumbe walisimama wote kumpongeza. Mwingine alimkumbatia. Nilipiga makofi hadi viganja vikawaka moto, na katikati yake nikamwona Mwatumu anaitazama ile bahasha, haangalii watu, anaiangalia bahasha tu jinsi inavyosogea mezani kutoka kwa mjumbe hadi kwa mjumbe na inavyozidi kukonda. Nikapoteza mdundo wa makofi. Nikapiga makofi kwa nguvu zaidi ili niupate tena, lakini sikuupata.

*

Tume ilitoa maamuzi yake kabla ya chakula cha mchana. Kwamba kumpa mheshimiwa bahasha tupu ni dharau kwa dola, hivyo wahudumu wote wachangishwe na bahasha zijazwe, la sivyo meli haitoki bandarini. Wahudumu wakachangishwa, na Nahodha akatoa saa yake ya mkononi. Kwamba pesa iliyokutwa kwa mtuhumiwa imetumika kama kielelezo hadi imekwisha. Kwamba mtuhumiwa ameachishwa kazi, na akabidhiwe kwa askari wa geti la bandari asubiri gari la polisi limpeleke mahakamani, awe fundisho kwa wala rushwa wote. Mheshimiwa Kapungu, bahasha yake sasa ikiwa na uzito mzuri mfukoni, alihutubia kwa uchangamfu juu ya ukarimu wa wafanyakazi wa kawaida. Alisema kutoa kwao kumemgusa. Alipendekeza kuwe na siku maalumu ya taifa ambapo kila mfanyakazi wa ngazi ya chini atamwonyesha kiongozi wake shukrani ya hiari, na atakayekataa hiari hiyo atashughulikiwa.

Bahasha yenyewe, ile ya Bi. Kalunde, Bwana Sengasu alimrushia Mwatumu miguuni. "Hii chukua," alisema. "Serikali haina haja na makaratasi."

Mwatumu aliinama, akaiokota.

Meli ilipofunga gati, Tume haikushuka. Ilijiongezea muda usiojulikana wa kuandika mapendekezo, kwa sababu jambo lilikuwa zito na posho ya kikao ilikuwa inaendelea. Mimi nilitumwa kumsindikiza Mshauri Mtaalamu mpaka kwenye gari la Mheshimiwa, lile jeusi lenye bendera, lililokuwa linasubiri nje ya geti.

Mwatumu alikuwa amekalishwa kwenye benchi ndani ya geti, na kimfuko chake cha nguo magotini. Aliyekuwa anamlinda ni Koplo Chilongani, mtu mzito wa mwili, amekunja mikono. Gari la polisi lilikuwa halijafika. Lilisemekana linatafutiwa mafuta.

"Babu yangu koplo," Bi. Kalunde alimwambia, "niruhusu nimuage mjukuu wangu."

"Muage, mama. Haraka lakini."

Bibi akamwinamia Mwatumu, akamkumbatia. Nilikuwa karibu nao, na masikio yangu ni ya kazi, kwa hiyo nilisikia.

"Ile bahasha unayo?"

"Ninayo, bibi. Haina kitu."

"Najua haina kitu. Ilambe gundi."

"Bibi?"

"Ilambe, uifunge. Halafu tazama pembeni."

Bi. Kalunde akanyooka, akaanza kujifunga kanga yake taratibu, kama mtu mwenye siku nzima. Mwatumu aligeuka upande, akainamisha kichwa. Aliposimama, bahasha nyeupe ilikuwa mkononi mwake, imefungwa vizuri. Akainyoosha kwa Koplo huku macho yakiwa kwenye winchi za bandari.

Koplo Chilongani naye akatazama juu. "Mawingu haya," alisema, na mkono wake ukasafiri peke yake, ukaichukua, ukaizamisha mfukoni. "Yanaweza kunyesha haya, eti?"

"Yanaweza, afande."

"Ngoja nikaangalie upande wa pili kama kunanyesha," akasema Koplo. "Suala lako linashughulikiwa." Akaliacha geti wazi, akaenda nyuma ya kibanda chake.

Nilijua wajibu wangu. Nilitakiwa kupiga kelele. Viganja vyangu vilikuwa vimevimba, nikavitia mfukoni, nikaangalia mawingu. Yalikuwa mazuri sana siku hiyo.

Mwatumu alipita getini bila kukimbia. Bi. Kalunde alikuwa ameshaingia kwenye gari jeusi, ameacha mlango wazi. "Panda, mwanangu," alisema, kisha akamgeukia dereva. "Twende bara. Huko kwa mtoto wa huyu."

"Mama, nilielekezwa nimsubiri Mheshimiwa..."

"Mheshimiwa yuko kikaoni. Na mimi ni Mshauri wa Masuala ya Bahari. Nakushauri uondoke, uende mbali nayo."

Gari likaondoka, bendera inapepea, na askari wote wa barabara ile ndefu wakalipigia saluti.

Nyuma ya kibanda, Koplo alikuwa ameshajificha vizuri. Nilisikia karatasi inapasuka. Nikasikia bahasha inatikiswa, mara moja, mara ya pili, na hatimaye kidole kinakwangua ndani pembe kwa pembe. Akachomoka mbio, mdomo umefunguka tayari kwa yowe la "Nimeibiwa!", akanikuta nimesimama pale na sare yangu ya wizara.

Tukatazamana. Koplo akautazama mkono wa shati lake, akaiona ile mistari yake miwili, akakumbuka kwamba kelele za bahasha tupu zina vyeo vyake, na chake hakimo. Akafunga mdomo. Kisha akaenda kufunga geti.